Wa ndani na wa nyuma: Jinsi ukumbi ulivyobadilisha ramani ya arusi zetu

Desemba iliyopita mpwa wangu aliolewa mjini Mombasa. Siku mbili kabla ya sherehe ya akina mama, jamaa tulikwenda kuukagua ukumbi wa kukodi. Kijana mpangaji wa sherehe, mtu wa adabu zake, alitukaribisha, akakifungua kishikwambi chake na kutuonyesha mchoro. Jukwaa lilikuwa upande mmoja. Mbele yake palikuwa na miduara 30, kila mduara ukiwa meza ya watu wanane. Katikati palikuwa na njia ya bibi arusi kupita, kushoto kona ya keki, kulia kona ya picha. Kila mduara ulikuwa na nambari.

Nyanyake bibi arusi upande wa baba, mzaliwa wa Lamu ambaye amekwisha kuvuka miaka 80, aliutazama mchoro ule kwa makini. Kisha akauliza, "Mwanangu, na ndani ni wapi?"

Kijana akajibu kwa heshima, "Bibi, humu mote ni ndani."

Bibi akatikisa kichwa. "Haya. Na mimi mumeniweka wapi?"

Akaonyeshwa meza ya 27, karibu na ukuta wa mwisho, nyuma ya nguzo. "Tumekuweka hapo, bibi, uwe karibu na msalani, usije ukachoka."

Bibi hakusema neno. Lakini swali lake la kwanza lilinikaa rohoni siku nyingi baada ya wali kuliwa na viti kurudishwa kwa wenyewe. Kijana alidhani bibi haelewi mchoro. Ukweli ni kwamba bibi aliuelewa vyema, ila alikuwa akiusoma kwa sarufi nyingine. Katika sarufi ya kijana, mahali pa arusi pana mbele na nyuma. Katika sarufi ya bibi, mahali pa arusi pana ndani na nje. Hizi ni ramani mbili tofauti za heshima, na historia ya arusi za pwani yetu, na hata za bara, yaweza kusimuliwa kama safari ya kutoka ramani moja kwenda nyingine. Lugha yenyewe imehifadhi nyayo za safari hiyo.

Nyumba iliyokuwa ramani

Tuanzie Lamu. Nyumba ya mawe ya mji ule ilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake zikashikiliwa na boriti za mikoko. Boriti ndizo zilizoamua mengi. Mti wa mkoko haurefuki vya kutosha, wala hauwezi kubeba dari nzito ya mawe na chokaa, ukivushwa mbali sana. Kwa hivyo upana wa chumba haukuzidi mita tatu hivi, mara nyingi ukapungua hapo. Fundi aliyetaka chumba kikubwa hakuweza kukipanua; aliweza tu kukirefusha. Ndipo tukapata vyumba virefu vyembamba, vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, mfano wa kurasa za kitabu.

Mgeni aliyetoka barabarani alianzia kwenye daka, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye mabaraza ya mawe pande zote mbili. Wengi waliishia hapo. Aliyeruhusiwa kuendelea alipita tekani, njia iliyopinda makusudi ili jicho la mpita njia lisifike mbali, akatokea kiwandani, uwanja wa wazi katikati ya nyumba. Kutoka kiwandani alipanda hadi msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha chumba kinachoitwa ndani. Msomaji wa Kiswahili sanifu ajue kwamba "tini" na "yuu" ni chini na juu kwa Kiamu. Majina hayo hayakutolewa ovyo: sakafu ilikuwa ikiinuka kidogo kila ulipozidi kuingia. Kwa maneno mengine, kuingia ndani kulikuwa pia kupanda juu.

James de Vere Allen, mwanahistoria aliyefanya kazi katika makavazi ya Lamu, aliandika mwaka wa 1979 makala mashuhuri kuhusu fikra na mila zilizofichika katika ramani ya nyumba ya Waswahili. Hoja yake kuu ni rahisi kuifahamu kwa yeyote aliyewahi kuingia katika nyumba hizi: mpango wa vyumba ulikuwa ngazi ya faragha. Kila hatua ya kuingia ilipunguza idadi ya watu wenye ruhusa na kuongeza utakatifu wa mahali. Chumba kiitwacho ndani kilikuwa kilele cha ngazi hiyo. Humo ndimo alimokaa bibi wa nyumba, ndimo zilimopendeza zidaka, yaani vile vishubaka vilivyochongwa ukutani kwa safu na kupangwa sahani za kauri. Ukiwa na shaka juu ya uzito wa mapambo hayo katika fikra za watu wa enzi hizo, kumbuka kwamba Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alipotaka kuomboleza kuanguka kwa Pate, alituonyesha majumba matupu na vishubaka vya sahani vilivyogeuka viota vya ndege. Kwake, kuharibika kwa ndani ndiko kuharibika kwa mji.

Sasa, arusi ilifanyika wapi? Ilifanyika humo humo, na mpangilio wake ulikuwa umeshachorwa na fundi aliyejenga kuta. Wanaume walikaa nje: darakani, barazani, msikitini ambako aghalabu nikahi ilisomwa kwa mkono wa walii bila bibi arusi kuwapo. Wanawake walijaa kiwandani na misanani. Bibi arusi alikuwa ndani. Bwana arusi ndiye aliyesafirishwa kuelekea kwake, akavuka ngazi ile ya vyumba hatua kwa hatua hadi kilele, na huko wakakaa fungate, siku zao saba. Katika arusi za wakuu siwa lilipulizwa, na sauti yake ilisikika mji mzima. Lakini aliyepigiwa siwa hakuonekana na mji mzima. Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Mwenye heshima kubwa kuliko wote katika sherehe ndiye aliyeonekana na watu wachache kuliko wote.

Tena kuna jambo ambalo wapangaji wa leo wangelistaajabia. Miongoni mwa familia za waungwana wa Lamu, ilikuwa desturi ya baba mwenye uwezo kumpa bintiye nyumba anapoolewa, au kumwongezea ghorofa juu ya nyumba ya wazazi. Nyumba zilipobanana, walijenga wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro na kuziunganisha nyumba mbili za jamaa, ili wanawake wapite bila kushuka barabarani. Ina maana mpangilio wa arusi haukuwa wa usiku mmoja. Ukumbi wa arusi ulikuwa mali ya bibi arusi. Wageni walipoondoka na mikeka kukunjwa, yeye alibaki mwenye chumba.

Wasio na ndani

Tusije tukaipamba historia kupita kiasi, eti zamani kulikuwa na usawa. Hakukuwa. Ngazi ya ndani na nje ilikuwa na watu wake wa chini. Walioyabeba mawe, walioichoma chokaa, waliotwanga mpunga wa karamu na kuchota maji ya wageni walikuwa kwa sehemu kubwa watumwa. Wao waliingia ndani kuhudumu, si kukaa. Kuingia mahali na kuwa wa mahali ni mambo mawili, na Kiswahili kinazitofautisha hali hizo barabara.

Mwaka wa 1907 sheria ya kikoloni ilifuta hadhi ya kisheria ya utumwa katika ukanda wetu wa pwani. Watu waliokuwa wakisimama pembeni ya arusi za wenzao sasa walikuwa na haki ya kufanya zao waziwazi. Lakini wangezifanyia wapi? Hawakuwa na nyumba za mawe. Walichokuwa nacho ni barabara, uwanja na ngoma. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa tangu 1890 hadi 1975, anatuonyesha jinsi vyama vya lelemama vilivyoshindana kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa maandamano ya mitaani, na jinsi vilivyowakutanisha wanawake wa asili na tabaka mbalimbali. Kwa mara ya kwanza, sherehe ya wanawake ilihitaji mahali pa kuonekana. Ikiwa huna ndani, utajitafutia mbele.

Ukumbi ulipotoka nyumbani

Neno "ukumbi" lina hadithi ya kupendeza katika haya yote. Leo ukimwambia kijana wa Nairobi "ukumbi" atafikiria jengo kubwa la kukodi. Lakini kamusi za zamani, na wazee wa Majengo waliobaki, wanalijua kwa maana ya nyumbani: sehemu ya kupokelea watu mlangoni, na katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ile njia ya kati inayotoka mlango wa mbele hadi uani, yenye vyumba vitatu huku na vitatu huku. Nyumba hii ya udongo, miti na makuti, baadaye mabati, ndiyo iliyosambaa Mombasa, ikafuata njia za biashara na reli hadi bara. Huko Nairobi ilishika mizizi Pumwani, mtaa ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na ndiyo maana hadi leo sehemu yake huitwa Majengo.

Nyumba hii haikuwa na misana wala zidaka. Hata hivyo, sarufi yake ilikuwa ile ile. Baraza nje kwa wanaume, ukumbi katikati, ua nyuma kwa wanawake na sufuria zao. Ona kwamba uani palikuwa nyuma ya nyumba kwa mujibu wa ramani, ila hapakuwa nyuma kwa heshima. Ndipo palipokuwa na moto, chakula, nyimbo na siri. Arusi ikizidi ukubwa, majirani walifungua nyumba zao, kamba zikafungwa, turubai likatandazwa, kichochoro kikageuka chumba. Mtaa mzima ulikuwa ukumbi.

Kilichouvunja mpango huu ni siasa ya makazi. Serikali ya kikoloni ilimwona Mwafrika wa mjini kama kibarua wa kupita, mwanamume asiye na mke, anayehitaji kitanda tu. Nyumba nyingi za wafanyakazi wa reli, wa baraza la mji na wa makampuni zilikuwa chumba kimoja kwa watu kadhaa. Hebu jaribu kufanya arusi katika chumba cha vitanda vinne! Mahali ambapo fundi wa Lamu alimjengea bibi arusi chumba, mhandisi wa manispaa hakumhesabu kabisa kwamba yupo.

Badala yake, manispaa ilijenga kumbi za jamii. Pumwani ilipata wake katika miaka ya 1920. Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940, ulijengewa ukumbi uliokuja kuvuma kwa mikutano ya siasa hadi ukapewa lakabu ya House of Commons. Mombasa nako kuna Tononoka. Kumbi hizi zilikuwa za dansi, za ndondi, za mikutano ya vyama vya wafanyakazi, na siku za Jumamosi, za arusi. Neno likahama pamoja na watu: ukumbi ukatoka kuwa sehemu ya nyumba ya mtu, ukawa jengo la umma lenye ada ya kukodi na saa ya kufungwa.

Jengo hilo lilikuja na umbo lake. Ukumbi wa mikutano una jukwaa upande mmoja na viti vinavyoelekea jukwaani. Haujengwi kwa ajili ya kuingia hatua kwa hatua. Unajengwa kwa ajili ya kutazama. Hauna tekani inayopinda. Ukifungua mlango tu, umeona kila kitu. Na pindi watu wote wanapoelekea upande mmoja, hutokea kitu ambacho chumba chembamba cha Lamu hakikuwa nacho: hutokea nyuma.

Meza kuu

Wakati kumbi zilipokuwa zikienea, kulikuwa na desturi nyingine iliyokuja kwa mlango wa kanisa, shule na ofisi. Kiswahili kilikuwa na meza tangu zamani. Neno lenyewe ni la Kireno, ukumbusho mmoja wa watu waliojenga Ngome ya Yesu kuanzia 1593. Lakini "meza kuu" ni jambo jingine, nalo ni la Kiingereza kwa mila yake.

Katika majumba makubwa ya Uingereza ya zama za kati, bwana wa nyumba alikula na watu wake katika ukumbi mmoja mrefu. Upande wa juu wa ukumbi paliinuliwa kidogo, meza ikawekwa kwa kukingama, na bwana na mkewe na wageni wateule wakakaa wakiwatazama wengine. Waliobaki walikaa kwenye meza ndefu zilizoshuka kuelekea mlango wa jikoni. Kadiri ulivyokuwa karibu na jikoni ndivyo ulivyokuwa mdogo. Vyuo vya Oxford na Cambridge vimeishika desturi hiyo hadi leo: walimu juu, wanafunzi chini. Shule za bweni zilizofuata mfano huo ziliileta katika makoloni.

Tazama basi arusi ya kawaida ya Kenya ya leo, iwe Kisumu, Nyeri au Machakos. Maharusi, wasimamizi na wazazi wamekaa jukwaani au chini ya hema lililopambwa kuliko mengine, wakiwaelekea wageni. Wageni mashuhuri wako karibu nao. Majirani waliochanga wako kwenye mahema ya pembeni. Waliopika wako karibu na moshi. Mshereheshaji, au emsii kama tulivyozoea kumwita, anashika kipaza sauti na kutangaza nani aje mbele. Hii ni ramani ya bwana wa Kiingereza, ila tumeitia ngoma na vigelegele vyetu.

Simaanishi kwamba ni mbaya kwa sababu ni ya kuja. Mambo mangapi ni ya kuja! "Arusi" yenyewe ni neno la Kiarabu, na hakuna anayelirudisha. Ninachotaka tuone ni kwamba ramani hii ina maoni. Inasema kwamba heshima ni kuonekana, na kwamba asiyeonekana hakuhesabiwa. Ramani ya bibi yetu wa Lamu ilisema kinyume.

Mbele iliyofichwa ndani

Wanawake wa pwani hawakuipokea ramani hii mpya wakiwa wamekunja mikono. Walibuni njia ya kati, nayo ni kupamba. Katika sherehe ya kupamba, bibi arusi hutolewa akiwa amevishwa na kupambwa, akaketishwa mahali palipoinuliwa, akatazamwa. Hapo tuna jukwaa, tuna mbele, tuna macho. Lakini macho hayo ni ya wanawake watupu. Mlango umefungwa, dirisha limepigwa pazia, mwanamume haingii. Kwa hiyo ukumbi mzima umegeuzwa kuwa ndani, na mbele imewekwa katikati yake. Ni ufumbuzi wa werevu mkubwa, nao ulifanywa na watu ambao hawakuwahi kujiita wapangaji wa sherehe.

Minou Fuglesang, aliyeandika kitabu mwaka wa 1994 juu ya maisha ya wasichana wa Lamu, alionyesha jinsi filamu na kanda za video zilivyoanza kuathiri mitindo na mapambo yao. Kamera ilileta utata mpya. Jicho lake halina jinsia, na picha yake haina ukuta. Bibi arusi aliyetazamwa na wanawake 200 waliofungiwa mlango aweza kesho kutazamwa na mtu yeyote popote. Ndiyo sababu siku hizi kadi za mwaliko za pwani huonya mapema kwamba simu haziruhusiwi ukumbini. Onyo hilo si ushamba. Ni tekani mpya: ni ile njia iliyopinda ili jicho la mpita njia lisifike ndani.

Hesabu ya miduara

Turudi kwenye kishikwambi cha yule kijana, maana naye ana hoja zake na si haki kumsema bila kumsikiza. Aliponieleza kazi yake niliona kwamba ni hesabu, na hesabu haidanganyi. Meza ya mviringo yenye kipenyo cha mita moja na nusu ina mzingo wa mita 4.7 hivi. Ukiketisha watu wanane, kila mmoja anapata karibu sentimita 59 za ukingo, kipimo kinachomtosha mtu kula bila kumpiga jirani kiwiko. Ongeza nafasi ya kiti na ya mtu kuinuka, kila upande sentimita 75 hivi, nawe utaona kwamba meza moja inakula mraba wa mita tatu kwa tatu. Meza 30 ni mita za mraba 270, kabla hujaweka jukwaa, njia, chakula na mlango wa dharura. Mpangaji asiyepiga hesabu hiyo atawabana watu, na moto ukitokea atawaua.

Lakini zingatia kipimo hicho: mita tatu. Ndio upana wote wa chumba cha Lamu. Meza moja tu ya mviringo na viti vyake ingekijaza kutoka ukuta hadi ukuta, na mtu asipate pa kupita. Meza hii isingeweza kuingia katika arusi ya zamani hata kama ingekuwapo. Katika chumba kile watu walikaa juu ya mikeka na majamvi, safu mbili wakielekeana, migongo ikigusa kuta. Chakula kilikuja kwa masinia, watu wanne au watano kwa sinia moja, na sinia pamoja na walaji wake halihitaji zaidi ya mita mbili. Ukikaa namna hiyo, unamwona kila mtu na kila mtu anakuona. Hakuna nguzo, hakuna meza ya 27.

Serikali nayo imewahi kuichora ramani hii. Wakati wa korona, mwezi wa Julai mwaka wa 2020, arusi ziliruhusiwa kwa watu wasiozidi 100, wakae umbali wa mita moja na nusu. Familia nyingi zilijikuta zinajibu swali ambalo ukumbi mkubwa ulikuwa umelisahaulisha: kati ya watu hawa 400, nani hasa ni wa ndani? Wengi watakumbuka ugomvi uliozuka. Nadhani ugomvi huo ulikuwa na faida yake, kwa sababu ulilazimisha watu kutaja majina badala ya kuhesabu viti.

Maneno yanayokumbuka

Kiswahili hakijasahau. Tunamwita ndugu "mtu wa mlango mmoja" nasi, kwa kuwa mlango ulikuwa ukoo kabla haujawa mbao. Tunasema Baraza la Mawaziri, na mawaziri hao wanakaa katika jengo lenye lifti, ilhali baraza ni lile benchi la mawe nje ya nyumba ambako wazee waliamua mambo ya mtaa. Huko Oman ukumbi wa wanaume kukutania unaitwa sabla, neno linalofanana mno na sebule yetu. Gazeti lenyewe lina kumbi na majukwaa, na hakuna anayekodi kiti. Na jambo likivunjiwa heshima na kukanyagwa na kila mtu, tunasema limegeuzwa jamvi la wageni.

Ni neno "ndani" ndilo lililopata ajali. Zamani msichana aliyevunja ungo alitawishwa, akakaa ndani akiwa mwari, akifundwa na somo yake. Leo ukisema fulani ametiwa ndani, watu wanauliza dhamana ni shilingi ngapi. Neno lililobeba heshima ya juu kabisa ya nyumba limekuwa neno la rumande. Sitaki kuwarudisha wasichana wetu katika kutawishwa. Kilio chao cha enzi hizo hakikuandikwa, na ndani ile ilikuwa pia kuta. Lakini lugha inapoacha kuwa na jina la mahali pa heshima pasipo pa maonyesho, tunakosa hata namna ya kulalamika tunapompoteza mtu nyuma ya nguzo.

Je, bibi yetu aliishia wapi? Asubuhi ya sherehe alifika mapema kuliko wote. Akazunguka ukumbi polepole kwa mkongojo wake, akafungua mlango mmoja baada ya mwingine, hadi akakipata chumba kidogo nyuma ya jukwaa ambacho katika mchoro hakikuwa na nambari wala jina. Ndimo bibi arusi alimotarajiwa kuvalia. "Hapa," akasema. "Nitandikieni jamvi hapa." Jamvi likatandikwa, udi ukafukizwa, na wale wazee waliotawanywa kwenye meza za 25, 26 na 27 wakakusanyika humo mmoja mmoja. Bibi arusi alivalia katikati yao. Wakamsomea dua, wakamwimbia, na alipotoka kwenda jukwaani kutazamwa na meza 30, alikuwa amekwisha kuolewa kwa hesabu ya bibi.

Kijana mpangaji alisimama mlangoni kwa heshima, bila kuingia. Nilipompita nilimwona ameshika kishikwambi chake, akichora mraba mdogo nyuma ya jukwaa. Nikamuuliza anauandika nini. "Ndani," akanijibu. "Nitauweka katika michoro yangu yote."

Basi nawe, msomaji, ukiwa na arusi Agosti au Desemba ijayo, usiulize tu ukumbi unaingiza watu wangapi. Kabla hujapanga nani akae mbele, keti na wazee wako uwaulize ndani ni wapi, na nani ni wa humo. Ukishapata jibu, ndipo uhesabu meza. Na hapo nakunja jamvi.